Kusimama kwa Mguu Mmoja Uani

Binti yangu alikuwa anaanguka. Hakuwa kiwete, hakuwa na kifafa, na hospitali walimpima wakasema mifupa yake mizima. Alichelewa tu kutembea baada ya surua, na hata alipoanza, alikuwa anapepesuka na kutafuta ukuta kama mtu aliyeshuka sasa hivi kwenye basi la safari ndefu. Alianguka koridoni, alianguka uani, alianguka na kikombe cha chai mkononi. Watoto wa nyumba ile, na walikuwa wengi, walimpa jina ambalo sitalirudia hapa.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Kariakoo, upande wa kuelekea Gerezani, kwa sababu mume wangu alikuwa fundi kwenye karakana ya reli na alipenda kwenda kazini kwa miguu. Sote wawili ni watu wa Masasi. Na kwetu mtoto si wa mama yake peke yake, hilo nililijua kabla sijaolewa. Dada mkubwa wa mume wangu, wifi yangu, hakujaliwa kuzaa. Alikuja mjini mwaka ule binti yangu alipokuwa anangoja kuanza shule, akakaa kitandani kwetu, akamtazama mtoto anavyokwenda, akasema, "Huyu mnipe mimi. Kule nyumbani atapata miguu. Hapa mnamfuga tu."

Kwa wifi mkubwa hupandishi sauti, kwa hiyo nikamtazama mume wangu. Mume wangu, ambaye karakana nzima ilimwogopa, mbele ya dada yake alikuwa kama mtoto wa chekechea. Akatafuta njia ya katikati: mtoto akipokelewa shule Januari, anabaki. Wasipompokea, anaenda Masasi na shangazi yake mpaka uandikishaji mwingine. Wifi akasema sawa, atangoja hapa hapa kwetu. Nami nikasema sawa, upesi upesi, maana niliona kikwazo ni kimoja tu, nacho ni miguu. Mwalimu gani atakubali mtoto anayeanguka mstarini?

Nyuma ya uani kwetu kulikuwa na ukuta mfupi, na nyuma ya ukuta uani mwa mwenye duka, Mhindi, na mkewe. Mkewe alizaliwa Tanga, na Kiswahili chake kilinipita mimi mbali. Tuliitana jirani. Miaka ile rafu za duka lao zilikuwa na viberiti, dawa ya mbu na vumbi, hivyo muda alikuwa nao. Kila asubuhi nilimwona ametandika mkeka amesimama kwa mguu mmoja, ametulia, na kusema kweli nilidhani anaomba Mungu. Siku moja nikamwuliza. Akaniambia ni yoga, mama yake alimfundisha angali mdogo, na kuomba anaomba ndani.

"Mlete mtoto," akasema. "Lakini wewe ukija, uje umefunga mdomo."

Nilichukia kidogo. Kisha nikaenda, nimeufunga.

Ni kwamba mimi nilikuwa mtu wa "utaanguka, utaanguka." Jirani alinikataza neno hilo kabisa. Mtoto akilisikia, alisema, anauacha mguu anashika hofu. Kwake kuanguka kulikuwa sehemu ya mchezo: ukianguka, unaanguka kama gunia la mpunga linaloshushwa kwenye lori, bwaa, unacheka, unanyanyuka. Siku za kwanza hawakufanya lingine ila kuanguka, yeye na binti yangu, kwenye mkeka, wanacheka kama wendawazimu. Mimi nikiwa nimekaa pembeni nachagua mchele, najiuliza hii ndiyo dawa?

Baadaye ikaja michezo. Paka: mikono na magoti chini, mgongo unapanda, mgongo unashuka, kisha mkono mmoja unanyooshwa mbele na mguu wa upande wa pili nyuma, paka anatafuta samaki. Kobe anayejificha. Korongo anayevuka tope, anayenyanyua mguu polepole kwa sababu akitikisa maji samaki watamkimbia. Na mnazi, ambao binti yangu aliupenda kuliko yote: wayo wa mguu mmoja unaegeshwa kwenye muundi wa mguu wa pili, mikono inapanda juu, macho yanashika kitu kimoja kisichotembea. Kwetu kilikuwa msumari wa kutundikia karai. Mimi nikawa upepo. Nampulizia usoni, nampulizia shingoni, naye anayumba na kurudi. Mwanzo alishika ukuta kwa kiganja. Kisha kwa kidole. Kisha ukuta akaupa mgongo.

Jambo moja jirani hakulegeza kamwe, nalo ni kichwa. Alikunja kitambaa akamwekea utosini, na mchezo ulikuwa kitambaa kisidondoke. "Kichwa kikilala, mwili unakifuata," alimwambia. "Kichwa ni mwalimu mkuu, kinasimama wima." Mtoto alilishika hilo hata mezani, anakula shingo imenyooka kama bibi harusi.

Wapangaji wenzangu hawakukosa la kusema. Mama mwenye nyumba aliniita chumbani kwake kuniuliza kama namwingiza mtoto kwenye dini nyingine. Nikamwambia ni mazoezi ya miguu. Akafikiri, akasema basi yafanyike mapema, kabla watu hawajaanza kufua. Wiki chache baadaye mjukuu wake mwenyewe alikuwa korongo nambari moja wa uani, na wale waliompa mwanangu jina walikuwa wamepanga mstari, kila mmoja na mguu wake juu, wanabishana nani kagusa chini. Jina likafa lenyewe.

Jumapili nilimpeleka Mnazi Mmoja. Kulikuwa na ukingo wa saruji kando ya njia, naye akatembea juu yake, mikono ameitanua, mimi chini nimefunga mdomo. Alifika mwisho akaruka. Mpita njia hangeona kitu cha kutazama, mtoto tu anacheza. Mimi nilifurahi mpaka nikamnunulia karanga za kuchemsha, jambo ambalo si kawaida yangu. Jioni nilimwambia wifi kwa adabu zote kwamba safari hii ataondoka peke yake. Akatabasamu tu.

Siku ya kuandikisha tulikwenda wote watatu, mimi, mtoto na wifi. Serikali ilikuwa imeshasema kila mtoto asome, na kila mzazi alisikia, kwa hiyo uwanja wa shule ulifurika. Vyeti vya kuzaliwa tulikuwa hatuna wengi wetu. Mwalimu hakuuliza vyeti. Alitumia kipimo kile kile walichotupima sisi: mtoto anapitisha mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. Ukilishika, umefika umri wa shule. Usipolishika, nenda nyumbani ukakue.

Mwanangu alikuwa na miaka saba kamili, ila mikono yake mifupi, ya kwetu. Hilo halikunitisha. Nilitazama watoto waliotangulia, wengine wadogo kuliko yeye kwa kuwaona tu, na wote walifanya lile ambalo kila mtoto hulifanya bila kufundishwa: walilaza kichwa begani, sikio likaufuata mkono, mambo yakaisha. Mwalimu aliliona, akaliachia.

Ikafika zamu yake. Mwalimu akasema, "Mkono juu." Binti yangu akaupandisha mkono, na mguu nao ukapanda, kwa sababu uani kwetu mkono haukupanda peke yake. Akasimama mbele ya umati ule kwa mguu mmoja, ametulia tuli, macho kwenye mlingoti wa bendera. Watu wakacheka. Mwalimu akadhani anafanyiwa mzaha, akamwamuru ashushe mguu. Akaushusha. "Sasa shika sikio." Mkono ukapita juu ya kichwa kilichosimama wima, vidole vikaishia kwenye nywele, juu kidogo tu ya sikio.

"Laza kichwa," nikamwambia.

Akanijibu bila kugeuka, "Nitaanguka, mama."

"Laza kidogo tu, mwanangu."

"Mama, usimsaidie mtoto," mwalimu akasema, naye alikuwa na mstari mrefu nyuma yetu. Mtoto akajaribu tena, shingo imenyooka, vidole vinatambaa utosini, jasho linamtoka. Hakufika. "Mlete mwakani. Anayefuata."

Nilibishana. Nilisema maneno mengi pale, mengine siyo ya mtu mzima kuyasema mbele ya watoto, na mwalimu akaendelea na kazi yake. Nilipogeuka, wifi alikuwa ameshamshika mtoto mkono. Hakunicheka, na hilo lilinichoma zaidi kuliko kama angenicheka. Waliondoka juma lile lile, kabla mvua haijafunga barabara ya kusini. Jirani aliniita juu ya ukuta aniambie pole. Sikumwitikia, na mkeka wake akautandika peke yake.

Mwaka ulikwenda kama miaka inavyokwenda. Nilipanga foleni ya sukari, foleni ya unga, foleni ya sabuni. Mume wangu hakumtaja mtoto, ila jioni alikuwa anakaa uani na kuutazama ule msumari. Habari zililetwa na wasafiri: hajambo, amekua, anachota maji.

Uandikishaji ulipokaribia nilifunga safari mwenyewe. Nilifika kijijini kwa wifi mchana. Mtoto alikuwa anatoka kisimani, ndoo kichwani, mikono ameiachia, anakanyaga njia ya mawe kama mtu aliyezaliwa hajui kuanguka ni nini. Aliniona. Akapiga goti na ndoo yake kichwani, maji hayakumwagika, akasema, "Shikamoo mama." Nikasema marahaba, na furaha iliyonijaa sikuijua hata siku nilipomzaa.

Wifi hakuleta ubishi. Kumbe nilikuwa nimejiandaa bure kwa vita, nimekariri maneno njia nzima. Alimfulia nguo, akamsuka, akatuchemshia mihogo ya njiani. Alfajiri akatusindikiza hadi basi linaposimama, na mtoto akatembea katikati yetu, hatua zake hazina kasoro. Basi lilipotokea, akanishika mkono kama nilivyomwambia. Kisha akageuka, akamtazama wifi yangu usoni.

"Mama," akamwuliza, "nitarudi nyumbani lini?"

Wifi alinitazama mimi, nimjibu mimi.