Ubao Kati Yangu na Mkuu wa Maabara

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye maabara ya shamba la chai, Mkuu wa Maabara hakunipa hata kiti. Alinisimamisha mbele ya mashine ya kupimia metali akasema, akiniita kwa jina la kwetu, "Binti wa Ikuti, kwanza uijue taa. Mengine yatakuja."

Taa yenyewe ilikuwa chupa ndogo yenye kikombe cha zinki ndani, imejazwa neoni, mojawapo ya zile gesi adimu zisizopenda kuungana na kitu. Ukipitisha umeme, neoni inaigonga zinki na kung'oa atomi zake, nazo zinatoa mwanga wa zinki tu. Sisi tuliunguza majani ya chai yakawa majivu, tukayayeyusha kwa asidi, kisha tukanyunyiza maji yale kwenye moto wa gesi ya asetilini mbele ya taa. Kama majani yana zinki, atomi zake humeza mwanga wa taa, na sindano ya mashine inaonyesha umemezwa kiasi gani. Chai ikikosa zinki hudumaa, na mkulima wa Kyimo hakuwa na mahali pengine pa kuuliza. Niliipenda kazi ile kupita kiasi.

Kisha nikampenda mtoto wa kiume wa Mkuu.

Msomaji wa mbali asishangae. Kwetu Wanyakyusa, mke hatazamani na baba mkwe wake. Akimwona njiani anakwepa, hata kama ni kuingia migombani. Hawasemeshani. Ndiyo heshima yenyewe, na siku zile wazazi wetu waliishika kikweli. Baada ya harusi mama mkwe alisema wazi: "Maabara basi, mwanangu. Utakaaje chumba kimoja na baba yako?" Meneja wa shamba naye akataka kunihamishia kwenye mizani ya majani mabichi. Nililia kama mtoto aliyenyang'anywa ndizi.

Aliyeniokoa ni Mkuu mwenyewe. Alimwita seremala, akasimamisha ubao wa plaiwudi uliokatiza pale penye mashine: moto upande wangu, sindano upande wake, kila mtu na mlango wake. Na kwa kuwa hatukuruhusiwa kusemeshana, tuliisemesha mashine.

"Mashine, nimeweka sampuli ya chai ya Kisiba."

"Mashine, mwambie huyo aoshe mrija kwanza. Ana haraka kama anawahi mnada."

"Mashine, mrija nimeshaosha. Baba asome sindano, asinisome mimi."

Nilimsikia akicheka mpaka akakohoa. Tulifanya kazi hivyo miaka mingi, na sijapata kuwa karibu na mtu kazini kama nilivyokuwa karibu na yule nisiyemwona.

Soko huria likafika na kwetu. Shamba, lililokuwa la umma, likauzwa. Mwakilishi wa mnunuzi, kijana mwenye tai, aliutazama ubao wetu akatabasamu. "Mashine moja, watu wawili? Nitabakiza mmoja. Amueni wenyewe." Mkuu akatoka naye nje. Mimi nikaanza kukunja koti langu jeupe, maana mkubwa ni yeye, na kazi ile nilifundishwa na yeye.

Aliporudi, nilisikia kiti chake kikilia.

"Mashine," alisema polepole, "nilipokuwa masomoni ng'ambo tulipoza argoni, gesi ndugu ya neoni, mpaka atomi zake zikashikana kuwa vidonge vidogo, tukabandika atomi moja ya metali ya bariamu juu yake. Argoni haiungani na mtu. Bariamu ilikaa juu juu tu, haikuzama. Lakini ukipima mwanga wake, unakuta rangi imesogea kidogo. Ndivyo tulivyojua kwamba haiko peke yake. Mwambie mwanangu, ndivyo nilivyoishi humu tangu alipokuja. Na umwambie nimeshamjibu yule kijana. Mimi nastaafu. Anabaki yeye. Ndaga fijo."

Alinishukuru kwa Kinyakyusa; nami nikalikunjua koti langu, nikalivaa tena.

Nami sasa nimestaafu. Vijana huniuliza nilipenda nini zaidi katika kazi, nami huwaeleza habari za zinki na shaba, maana hizo zinaelezeka. Lakini ninachokikumbuka ni ile jioni alipoondoka Mkuu. Njia ya kutokea ilipita mbele ya dirisha langu. Nilipozisikia hatua zake nikageukia ukuta, kama ilivyonipasa, nikabaki hivyo machozi yakinitoka. Nilitamani sana kugeuka, nimwone mara moja tu. Sikugeuka. Na yeye, nadhani, alipita taratibu makusudi.