Nazi Mbili za Oraba

Nilipoolewa Koboko, karibu na mpaka wa Sudan, nilikuwa sijui kusonga ugali wa muhogo na ulezi, na hilo kwa mke wa kule si dosari ndogo. Ugali ule una kiburi. Unataka mkono wenye nguvu na mtu aliyeanza kuusonga tangu utotoni, na mimi utoto wangu niliumalizia ukimbizini. Mwaka 1979, serikali ilipopinduliwa, baba yangu alikuwa askari, na askari wa kwetu siku zile hawakukaa kungoja kuulizwa maswali. Tulivuka mpaka na sufuria moja, tukala unga wa mahindi wa msaada miaka mingi. Baadaye mjomba akanichukua kwake Eldoret, alikokuwa akitengeneza baiskeli, nikakaa huko miaka minne nikisoma.

Ugali wangu wa kwanza ukweni ulitoka na mabonge. Nilikuwa na mawifi wawili, na yule mkubwa alilitoa bonge moja sahanini akaligeuzageuza kwenye taa.

"Hii iko chakula ama iko ya kujenga nyumba?" akauliza.

Yule mdogo akacheka mpaka akalala kwenye mkeka. Mama mkwe hakucheka, akaendelea kutafuna polepole, na hilo liliniuma zaidi. Mimi hasira zangu ziko karibu, na zikija huja na ulimi.

"Mnisamehe," nikasema. "Mimi nimekulia Mombasa. Kule tunakula wali wa nazi."

Kwa nini sikusema Eldoret? Kwa sababu Eldoret nako wanasonga ugali, ningejitetea na nini? Mombasa ndiyo iliyokuwa na uzito. Kiswahili changu kilikuwa kimenyooshwa na shule kuliko chao, basi wakaamini papo hapo. Tangu siku ile mawifi wakawa wanasonga wao, na mimi kazi yangu ikawa kuosha vyombo na kueleza bahari. Bahari yenyewe sikuwahi kuiona. Nilisema ni maji mengi, yana chumvi. Wifi mkubwa akataka kujua nani anayeyatia chumvi. Nikasema ni Mungu, na hapo angalau sikudanganya.

Mume wangu alijua ukweli wote. Alikuwa mtunza ghala mjini Arua na alikuja nyumbani Ijumaa kwa Ijumaa. Nilipomweleza niliyoyasema, alicheka kwanza, kisha akanionya kwamba mchuma janga hula na wa kwao, na yeye hana njaa.

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miezi mitano, ikaishia kwenye nazi mbili.

Zililetwa na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Alikuwa akishughulikia karatasi za malori pale mpakani Oraba, yale yanayovuka kwenda mji wa Kaya na Sudan ndani. Dereva mmoja alikwama mpakani zaidi ya wiki akingoja mhuri, wakawa marafiki, na dereva huyo, mzaliwa wa Mombasa kabisa, akamfungia nazi mbili alizokuwa amezibeba nyuma ya kiti. Shemeji aliziweka mbele yangu uani, siku tatu kabla ya Idi. Zilikuwa za kahawia, na manyoya kama kichwa cha mtu aliyegombana na kinyozi.

"Shemeji, chakula yenu hii," akasema kwa furaha. Kijana wa watu alidhani ananitendea wema.

Mama mkwe akaokota moja, akaitikisa sikioni, akasikia maji. "Siku ya Idi wageni iko mingi," akasema. "Utatengeneza ile kinywaji ya kwenu, ya nazi na matunda. Ile ulisema ya mchana ya joto."

Nilikuwa nimesema, kweli. Siku moja ya jua kali nilijisahau nikaeleza jinsi sisi wa pwani tunavyochanganya tui la nazi na nanasi na embe, kinywaji kikawa baridi mpaka meno yanauma. Mambo hayo nilikuwa nimeyaona kwenye picha ya kalenda.

"Tuite na dereva," akasema shemeji. "Yeye atafurahi kukula Idi na watu yake."

Tayari nilimwona kichwani yule dereva amekaa kwenye mkeka wetu, akiniuliza tulikaa mtaa gani.

"Dereva anachunga gari yake," akasema mama mkwe. "Nyumba iko ndogo. Tutaita mzee sajenti. Yeye anajua Mombasa, ataonja, atasema kama iko sawa."

Mzee sajenti alikuwa rafiki wa marehemu baba mkwe tangu jeshini. Kila mtu Koboko alijua kwamba aliwahi kukaa kambini Mombasa, kwa sababu hakuna kikao alichoacha kusema hivyo. Nikaona nimemkimbia chui nimeangukia kwa simba.

Kesho yake nilianza na nazi ya kwanza. Shemeji akaiweka juu ya jiwe la kusagia, akauliza wapi pa kupiga. Mimi nikamwonyesha katikati, kwa kidole cha mtu anayejua. Akapiga panga. Nazi ikaruka, ikapita kati ya miguu ya wifi mkubwa, ikagonga ukuta wa jiko na kupasuka. Maji yote yakanywewa na vumbi. Watu wote wakanigeukia mimi.

"Ya kwanza hufunguliwa hivyo," nikasema. "Maji yake ni ya ardhi. Ni baraka."

"Eh," akasema mama mkwe. "Kwa hivyo ya pili ndiyo ya kukunywa."

Nikaondoka na vipande vyangu nyuma ya jiko nikakaa peke yangu kufikiri. Kwetu kitu chochote chenye mafuta kina njia moja tu. Karanga zinakaangwa, zinasagwa kwenye jiwe. Simsim, ndiyo ufuta, inakaangwa, inasagwa kwenye jiwe. Sasa nazi nayo ina mafuta, nayo ina sababu gani ya kujifanya tofauti? Nikaibandua nyama nyeupe, nikaikaanga kwenye chungu, nikaisaga. Ilinukia vizuri mno, na mimi nimefunga, siwezi hata kuonja. Nilijijua: ningeonja kwa ncha ya ulimi na kumaliza kwa koo. Nilipotia maji, yale mafuta yakaelea juu, makapi yakazama chini, na katikati pakabaki maji ya rangi ya mfereji. Hicho si kitu cha kumpa mgeni. Nikamwaga maji, nikalikusanya lile rojo kwenye bakuli, nikalificha chini ya ungo, nikaomba Mungu aniletee homa kabla ya Idi.

Jioni nilipokwenda kulitupa, bakuli lilikuwa tupu na limeoshwa. Nikamshuku wifi mdogo.

Mume wangu alifika mkesha wa Idi kutoka Arua na mananasi mawili, matunda ya pashoni mfuko mzima na tangawizi. Maembe tulikuwa nayo wenyewe, yanatuangukia juu ya bati usiku kucha. Alininong'oneza kama nimeshajua kutengeneza. Nikamwambia aniondokee.

Alfajiri ya Idi, wanaume walipokwenda kuswali, nilichukua nazi ya pili. Safari hii niliitoboa msumari kwenye yale macho yake matatu. Jicho moja lilikubali, nikapata kikombe cha maji. Halafu nikaipasua juu ya jiwe, nikatoboa kopo la mafuta ya kupikia kwa msumari uleule, nikaligeuza upande wa makali, nikakwaruza nyama ya nazi mpaka na vidole vyangu vikachangia. Nikatia maji ya uvuguvugu, nikakamua kwa kitambaa cha kilemba, kama tunavyokamua pashoni. Na tui likatoka. Tui jeupe kabisa! Nilisimama nikalitazama peke yangu, machozi yakanilengalenga kwa furaha ya kijinga.

Lakini lilikuwa kidogo, halifiki jagi moja, na wageni walikuwa zaidi ya ishirini. Nikaponda nanasi, nikakamua embe na pashoni, nikatia tangawizi na sukari na maji baridi ya mtungini. Kinywaji kikawa kizuri lakini chepesi, nazi huisikii hata ukiiita. Basi nikafanya dhambi ya mwisho. Nikachukua kijiko cha simsim iliyosagwa, nikakoroga. Kikawa kizito. Nikaongeza kijiko cha pili, na cha tatu nikakitia kwa hofu tu.

Wageni wakaja, wakakaa, wakala. Mzee sajenti alikaa katikati amevaa koti lake la zamani. Mama mkwe mwenyewe alimkabidhi kikombe cha kwanza, kisha akasema kwa sauti ili mawifi na majirani wote wasikie: "Mzee, mke ya mtoto yangu ametengeneza kitu ya Mombasa. Onja, wewe unajua."

Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika jagi kwa mikono miwili. Niliwaza nitakavyorudishwa kwetu, na watakavyosema si kwa ajili ya wizi wala uchawi, ni kwa ajili ya juisi. Mzee akanywa funda moja. Akafumba macho. Akanywa la pili, akajipangusa sharubu, akakitazama kikombe kwa muda.

"Kilindini," akasema. "Hii iko sawasawa ya Kilindini. Hata mimi nilikuwa nimesahau hii ladha, sasa imerudi."

Wifi mkubwa alikunywa, akanitazama kwa macho mapya. Wifi mdogo aliniuliza kama nitamfundisha. Jagi halikufika hata mkeka wa pili. Nilitembea siku ile nzima kama mtu aliyefutiwa kesi.

Jioni wageni walipotawanyika, tulibaki mimi na mama mkwe tukiosha vikombe. Yeye anasugua, mimi nasuuza.

"Ile nyingine ulificha chini ya ungo," akasema bila kuinua kichwa, "nilikula na muhogo, jioni ya kufungua. Iko tamu."

Nikasuuza kikombe kilichokwisha kusuuzwa.

"Na ya leo ulitia simsim."

"Ndiyo, mama."

"Yule mzee hapana fika Mombasa hata siku moja. Yeye na mzee yangu walikuwa kambi ya Jinja, miaka yote, yeye jikoni. Mimi nilikuwa kule. Nilikuwa naona yeye na sufuria yake."

Nilishindwa kuelewa. "Sasa mama, kwa nini mlimwita yeye aonje?"

Akasugua kikombe ndani, akakigeuza, akasugua nje.

"Shemeji yako alitaka kuita dereva," akasema.

Nililia pale pale juu ya karai, na yeye hakuniambia nyamaza. Alisubiri tu nimalize, akanipa vikombe vilivyobaki.

Kesho yake kabla mawifi hawajaamka aliniita jikoni. Maji yalikuwa yanachemka. Akanipa mwiko, akasimama nyuma yangu, akanishika kiwiko kwa mkono wake mgumu na kuanza kunisukuma: chini, zungusha, bana ukutani mwa sufuria, chini tena. Ugali ule ulinipiga vita kama kawaida yake. Jasho lilinitiririka, na mabonge yakaanza kupungua moja moja. Sikuweza kuendelea nikiwa na lile jambo kifuani.

"Mama," nikasema, "mimi nilikulia Eldoret."

"Eldoret iko wapi?"

"Iko kwenye barabara ya kwenda Mombasa."

Akafikiri kidogo, mkono wake bado uko kwenye kiwiko changu.

"Basi hapana danganya sana," akasema. "Songa."