Yaliyomo Bila Lucie

Watu wa avenue yetu hawakuzoea kutaja jina moja bila lingine. Walisema "kwa Ghislaine na Lucie", hata wakimkuta mmoja peke yake. Wanawake hao wawili walikuwa na secrétariat huko Kadutu, chumba cha kuandikishia na kutoa nakala, kwenye njia wanayopita wanafunzi wa chuo. Mlikuwa na kompyuta mbili, imprimante moja ya kuchapia, na dirisha lililoonyesha kipande cha ziwa siku zisizo na ukungu.

Kazi waliigawana. Maman Ghislaine, mjane ambaye binti yake wa pekee ameolewa Kalemie, alikuwa na vidole vyepesi, basi yeye ndiye aliyeandika. Lucie alipanga kurasa, na hasa alitengeneza yaliyomo, ile table des matières ya mwanzoni inayoonyesha kila sura inaanzia wapi. Alibonyeza hapa na pale, na vichwa vyote vikajipanga vyenyewe pamoja na namba zake. Ghislaine alipoomba afundishwe, mwenzake alicheka.

"Weye andika tu, dada. Nikikufundisha, utanifukuza!"

Ulikuwa utani, na Ghislaine hakuomba tena. Saa ya chai walikula beignets, maandazi ya mafuta, wakaiga namna maprofesa wanavyosahihisha, wakacheka mpaka wateja waliosubiri nje wakachungulia.

Halafu ukaja ule mwaka wa hofu ya vita, familia nyingi zikatafuta njia ya kutoka. Lucie alichukua watoto wake, akaenda Bujumbura. "Mambo ikitulia nitarudia," alisema. Mwanzoni alituma ujumbe kila siku, baadaye Jumapili tu, siku ya Mungu. Mwishowe simu yake ikawa haipatikani.

Ghislaine aliendelea kufungua chumba kila asubuhi. Wanafunzi walikuwa wamepungua, na hao waliobaki walileta flash, wakachukua karatasi zao, wakaondoka. Kuna siku ilifika jioni akatambua kwamba hakuna neno alilosema tangu asubuhi isipokuwa bei. Chai alikunywa amesimama mlangoni. Ndani, ile kompyuta ya pili ilikuwa imefunikwa kitambaa, naye hakupenda kukaa akiitazama.

Ndipo akaja Aurore, msichana wa Mudaka, mwanafunzi wa agronomie, na mémoire yake, ile kazi ya kumalizia chuo, juu ya ugonjwa wa migomba. Ghislaine aliiandika vizuri. Alipofika kwenye yaliyomo, aliona aibu kumwambia msichana kwamba hajui. Akafungua mémoire ya zamani aliyoipanga Lucie, akafuta maandishi yote, akaacha ule ukurasa wa yaliyomo tu. Juu ya vichwa vya zamani akaandika vichwa vya Aurore kimoja kimoja, kisha akabandika kazi yake chini. Kwenye kioo ilipendeza. Akachapisha, akafunga kwa spirale bila kuzifungua karatasi, maana courant ya umeme ilikuwa inacheza naye aliogopa itakatika.

Siku ya pili ya juma lililofuata, Aurore alirudi na macho mekundu. Aliweka mémoire juu ya meza, akaifungua mwanzoni.

"Maman, soma."

Ghislaine akasoma. Mbele ya kila kichwa, pale ambapo namba ya ukurasa ilipaswa kuwa, yaliandikwa maneno yale yale: *Erreur ! Signet non défini*, yaani kosa, alama haijulikani. Yalijaza ukurasa kutoka juu mpaka chini.

"Wakati wa kutetea kazi, président wa jury aliuliza kama Erreur iko ukurasa gani. Batu bote bakacheka. Papa yangu alitoka Mudaka na suti ya kuazima, alikuwa anakaa mbele kabisa." Akaifunga ile mémoire. "Banasema nirekebishe, nirudishe kesho kutwa. Maman, ulifanya nini?"

Ghislaine angeweza kuisingizia mashine, na msichana angeamini. Akavuta kiti, akamkaribisha.

"Ile kazi ya table, mi sijue, mwanangu. Lucie ndiye alikuwa anajua. Aliniacha."

Neno hilo la mwisho lilimtoka bila kupangwa. Aurore alimtazama, hasira ikampungua usoni.

"Basi tutafute," alisema.

Wakafunga mlango nusu, mvua ikaanza kupiga bati. Wakafungua faili nyingine iliyofanywa na Lucie, wakaichunguza. Aurore ndiye aliyegundua kwamba kila kichwa cha Lucie, ukikibofya, juu kunawaka maneno *Titre 1* au *Titre 2*. Vichwa vya Ghislaine vilikuwa vimekolezwa wino tu. Machoni mwa mashine vilikuwa maandishi kama mengine. Na wakati wa kuchapisha, zile namba za zamani zilikuwa zinatafuta vichwa vilivyokwisha kufutwa.

Wakaanza upya. Aurore alisoma vichwa kwa sauti, Ghislaine akavipa daraja kimoja kimoja: sura Titre 1, vifungu Titre 2. Mara moja alikosea, aya nzima ya mnyauko wa migomba ikaingia kwenye yaliyomo, wote wawili wakacheka. Hatimaye akafuta ukurasa mbovu, akaagiza mpya. Ukatokea mara moja, mzima, na namba zake. Akaongeza ukurasa katikati kwa kujaribu, akabonyeza *mettre à jour*, yaani kusasisha, na namba zikasogea zenyewe.

"Maman, umeiweza!"

Mkono wa Ghislaine ulikuwa umeshaelekea upande wa pili wa meza, alikokuwa akikaa Lucie, kumgusa bega.

Alichapisha nakala mpya, safari hii akapitia kila karatasi. Aurore alimkumbatia, akaondoka mbio kwenye mvua.

Jioni ile Ghislaine alimtumia Lucie sauti kwa WhatsApp: "Lucie, leo nimetengeneza table automatique. Mi mwenyewe." Ujumbe ulikaa na alama moja. Siku kadhaa baadaye jibu likaja, nyuma yake kelele za watoto wakizungumza Kirundi.

"Dada! Nilipoteza simu, nilipata hii sasa. Nimefurahi sana! Sasa hauna tena lazima yangu." Akacheka. "Watoto beko banasoma huku. Sitakudanganya, dada. Sirudi."

Ghislaine alisikiliza mara mbili. Akaandika "Mungu abaki na ninyi", akafuta, akaandika tena, akatuma.

Leo wanafunzi wanatoka hata Kavumu kumletea kazi zao, kwa sababu yaliyomo ya kwake hayana makosa. Kazi anayo ya kutosha. Ikifika saa ya chai, hufunga mlango, akashuka kwa muuza beignets wa kona, akala hukohuko kati ya watu asiowajua.