Mpelelezi wa Vidonda

Basi lilimshusha akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mji wenyewe hakuwahi kuukanyaga. Mdogo wake alikuwa amehamia huko na mumewe seremala, na maelekezo aliyopewa yalikuwa "uliza duka la vitanda." Mtaa mzima ulikuwa maduka ya vitanda.

"Namtafuta seremala mwenye kidonda sikioni," akasema.

Vidole vikanyooshwa kutoka kila kibaraza.

Kule kwenye maabara ya hospitali anakofanya kazi, wenzake humwita Mpelelezi. Mtu huja na kidonda kisichouma wala kisichopona. Yeye hukikwangua ukingoni, maana katikati ni usaha mtupu na vimelea vimejificha pembeni. Chini ya hadubini vyote ni pacha, viduara visivyotofautiana hata kidogo. Mpaka mashine ya vinasaba iseme, ndipo hujulikana ni jamii gani, na pia usubi, yule mdudu mdogo anayevieneza, aliyemng'ata mgonjwa anaishi wapi. Ipo jamii ya nyikani, kwenye mashimo ya panya. Hiyo aghalabu huishia kwa dawa ya kupaka. Ipo na ya majabali ya milimani, kwa pimbi. Hiyo ikiachwa yaweza kutambaa hadi puani na kuila pua, na dawa yake ni sindano, kila siku, kwa wiki kadhaa.

Shemeji yake alikuwa amekuja kupimwa, akaapa kwamba safari yake yote ya kazi ilikuwa nyikani, akitengeneza madawati ya shule. Mashine ikasema majabali. Tangu apewe jibu hilo kwa simu, hapokei tena.

Alimkuta akipiga randa, sikio limepakwa mafuta, linang'aa kama kitasa kipya.

"Shemeji, karibu! Unaona linavyokauka?"

"Naona linavyong'aa. Mlimani ulifuata nini?"

Randa ikasimama. "Mlima gani? Mashine yenu imekosea."

"Nimepima mara ya pili."

"Basi huyo usubi alisafiri."

"Na begi lake?"

"Siku hizi usafiri ni rahisi, shemeji."

Mpelelezi alicheka, kisha akavuta kigoda. "Siri yako siitaki. Nataka ukubali sindano. Pua huna ya akiba."

"Nikidungwa, mke wangu atauliza kwa nini. Nimjibu nini?"

"Anauliza sasa hivi," ikasema sauti mlangoni. Mkewe alikuwa amesimama na sinia la chai. "Mlimani kuna nani?"

Mpelelezi akasogeza kigoda pembeni. Hilo halikuwa lake kulisema. Seremala akaishika pua yake, akaipapasa taratibu kama mtu anayeaga.

"Hakuna mwanamke."

"Mwanamke umemtaja wewe."

"Kazi ya madawati iliisha mapema. Nikaona aibu kurudi mikono mitupu. Kuna machimbo ya mawe huko juu, nikaomba kazi. Tulikuwa tunalala pangoni."

"Kuvunja mawe ndiko unakokuficha hivyo?"

"Sikuvunja mawe." Akainama. "Nilikuwa napika."

Mkewe akasogea hatua moja.

"Unapika nini?"

"Wali. Maharage. Mboga. Kambi nzima." Kisha akashindwa kujizuia: "Walikuwa wanaomba kuongezewa."

Mke akaliweka sinia chini polepole. Mwanamke wa mlimani huenda angemsamehe. Lakini huyu mume, tangu harusi, alikuwa akisema mikono yake imeumbwa kwa mbao tu, na chungu kikiwa jikoni hakisogelei.

"Nilipokuwa na mimba," akasema, "sijiwezi kwa kichefuchefu, ulininunulia mkate. Kila siku mkate!" Akamgeukia Mpelelezi. "Dada, hizo sindano zinauma?"

"Zinauma."

"Aanze leo."

Akaanza siku hiyo hiyo, kwenye zahanati ya mtaa, mkewe akiwa amemshika mkono, si kwa kumfariji bali asikimbie.

Asubuhi, Mpelelezi alipokuwa anafunga begi, shemeji yake alikuwa jikoni akikaanga mayai, ameegemea mguu mmoja kwa sababu upande wa pili, uliodungwa sindano, haukubali kuguswa. Mkewe alikuwa ameketi, miguu juu ya stuli, akimwelekeza kiasi cha chumvi.

"Shemeji, kidonda kikipona, na huku jikoni nitatoka?"

"Hilo hatulipimi," akasema Mpelelezi, akatwaa begi na kutoka, kabla hajaitwa shahidi.