Skrubu Tatu za Fundi Kipimo

Mume wangu ni seremala, na watu wanamwita Fundi Kipimo kwa sababu ya tabia moja. Stuli haitoki karakana mpaka aipande yeye mwenyewe, asimame kwa mguu mmoja, ajitikise. Ikilia hata kidogo, anaibomoa.

Ana miaka thelathini na minane. Alianguka kutoka kwenye ngazi akifunga kabati la mteja, akavunjika nyonga. Siku hiyohiyo wakampasua, wakaukaza mfupa kwa skrubu tatu. Daktari alinikazia macho mimi, si yeye: "Miezi mitatu mguu huu usibebe uzito. Skrubu zikilegea, au damu isipofika kwenye kichwa cha mfupa, kitakufa, tumwekee nyonga ya bandia. Kwa umri wake, sitaki tufike huko."

Toka siku hiyo usingizi ukanipaa. Akigeuka kitandani, mimi macho kodo. Akikohoa, nauliza, "Inauma?"

"Nyonga haikohoi, Mama Watoto."

Wiki ya sita nampelekea chai karakana, nakuta nini? Magongo yameegemezwa ukutani, na bwana mkubwa amesimama kwa mguu uleule, anajitikisa!

"Wewe! Una wazimu?" Kikombe kilinitoka mkononi.

"Napima tu. Daktari kafunga skrubu, hajazijaribu. Nitaziamini vipi?"

Nilimfokea mpaka majirani wakatoka. Kisha nikaona jasho linamtiririka usoni, hasira zote zikaniisha, nikabaki na woga mtupu. "Imeuma kidogo," akakiri.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi masaa mawili. Yeye kashika kidole changu kama mtoto. Daktari akaitazama picha ya eksirei muda mrefu mno.

"Zimeshika," akasema mwishowe. "Una bahati. Lakini kuhusu damu, bado siwezi kukuahidi kitu. Tutakufuatilia miaka miwili."

Miaka miwili roho juu juu! Nitazeeka mimi kabla yake.

Juzi amemaliza stuli, mwenyewe kaketi kwenye kiti. Mkono ukaenda kwenye gongo, akataka kuinuka. Akaniangalia. Akaketi tena.

"Panda wewe," akasema.

Miaka kumi na minne ya ndoa, hajawahi kumruhusu mtu. Nikavua ndala, nikapanda, nikasimama kwa mguu mmoja.

"Jitikise vizuri, usiihurumie," akaniambia, huku amekishika kifundo cha mguu wangu kwa mikono yote miwili, nisije nikaanguka.