Nguzo ya Kwanza

Juzi, Bwejuu, nilimkuta fundi wa jirani akipanga nguzo za uzio kwa leza, mstari wa kijani umenyooka mpaka barabarani. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni mwangu, mahali hapo hapo: harufu ya mwani unaokauka, na baba wa jirani huyo akivuta kamba ya usumba wa nazi mpakani kwetu, apange nguzo. Bibi hakuitazama kamba. Aliikagua nguzo ya kwanza tu, mkono wake umeushika mnazi wake wa mpakani.

"Bibi, mbona imenyooka!" nilimwambia.

"Naiona. Imeanzia wapi?"

Nilidhani macho yake yameshachoka.

"Leza haikosei, dada," fundi aliniambia juzi.

Nilikwenda hadi kwenye nguzo ya kwanza. Mnazi wa bibi ulikuwa ndani ya uzio wao.