Chupa Niliyoing'oa Shambani kwa Bibi

Mimi sijui kutunga. Hata insha zangu mwalimu husema zimekauka. Kwa hiyo ukisoma haya usidhani nimepamba. Yalitokea hapa Ilula, mchana, jua linawaka, na nimechoka kuyabeba peke yangu.

Mwalimu wa historia alitaka kila mtu achore kitu cha zamani na akadirie umri wake. Nikakumbuka chupa iliyochomekwa pembeni mwa shamba la bibi, mdomo chini, kitako tu kinaonekana. Ijumaa nikaing'oa. Nani angeuliza? Nikaiosha mpaka ikang'aa. Ilikuwa ya kijani, nzito, ina viputo ndani ya kioo. Mwalimu alitufundisha tufuate mshono wa ubavuni: ukipanda hadi mdomoni, chupa ni ya mashine, ukiishia shingoni, mdomo uliwekwa kwa mkono, hiyo ni ya kale. Huu uliishia shingoni. Niamini, nilifurahi kama mjinga.

Jumamosi bibi alikuwa kanisani kwenye kikao cha akina mama. Baba mdogo akaleta trekta, akalima shamba lote.

Jumapili nilikuwa barabarani nauza nyanya, chupa nimeiweka mezani niichore. Mama Upendo wa meza ya pili akanicheka.

"We binti, nyanya zimekushinda, sasa unauza machupa?"

Nikainamisha kichwa. Huwa sijui kujibu utani. Nilipoinua, dada mmoja alikuwa amesimama mbele yangu, miguu peku, vumbi jekundu mpaka magotini.

"Kamwene, mwanangu."

Mwanangu! Hakunizidi hata miaka mitano. Nikaitika salamu tu.

"Nimetoka Iyunga kwa miguu," akasema. "Nimechoka."

Iyunga ni Mbeya kule. Basi lenyewe huondoka asubuhi likafika mchana. Nikadhani labda anaumwa. Akaichukua chupa bila kuomba, akapitisha ukucha juu ya mshono, taratibu, hadi shingoni.

"Ni ya zamani sana hiyo," nikajikaza kusema. "Mshono unaonyesha."

"Unaonyesha ilivyotengenezwa. Siku iliyochomekwa unaijua?"

Akaigeuza chupa mdomo chini.

"Sikuwa na msalaba. Nilikuwa na chupa tu. Sasa nitajuaje nilipomlaza?"

Hakufoka. Afadhali angefoka.

Lori likapita, vumbi likanifumba macho. Nilipofumbua hayupo. Nikamuuliza Mama Upendo yule dada kaelekea wapi.

"Dada gani? Muda wote unaongea na chupa yako."

Chupa ilikuwa mezani. Ile niliyoiosha kwa mikono yangu. Imejaa udongo hadi shingoni, umeshindiliwa, bado una unyevu.

Nilimwambia bibi yote. Alikaa kizingitini.

"Huyo ni mama yangu. Kaka yangu wa kwanza alikufa mchanga, mama akamzika pale, mimi sijazaliwa. Baadaye wazazi walihamia Mbeya, na kaburi la mama liko Iyunga. Mimi nilipoolewa huku, aliniachia shamba lile, akaniomba kitu kimoja tu: ile chupa isitoke." Akanitazama. "Ni kosa langu, sikuwaambia. Twende ukanionyeshe."

Tukaenda. Shamba lote limegeuzwa, udongo ni uleule kila upande.

"Hapa?" bibi akauliza.

Sikujua. Naapa sikujua. Lakini ungemwona alivyonitazama, wewe ungesema nini?

"Hapa, bibi."

Akaichomeka. Akaomba kwa Kihehe muda mrefu, huku anaupapasa udongo kama mgongo wa mtoto.

Imepita miezi. Kila Jumapili bibi anapeleka maua pale, na mimi ndiye ninayembebea. Mara mbili tumeikuta chupa imeinama, udongo umetifuliwa shingoni, kama kuna mtu anataka kuisogeza. Bibi husema ni mbuzi. Na kila asubuhi naamka miguu inaniuma kama niliyetembea usiku kucha. Nikiwa darasani nasinzia. Mchoro wangu ulipata alama za juu; nimeuficha.

Kwa hiyo wewe, ukikuta chupa imesimama ardhini, usianze na mshono. Uliza kwanza nani aliichomeka. Na kama umeshaing'oa, halafu mtu akakuuliza ilikuwa wapi, mwambie hujui. Atalia, lakini mwambie. Mimi nilisema najua.